Ndege za Saa Kumi na Chuo cha Bi Mwanasha

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenitoa kazini nikiwa na miguu yangu miwili na akili ambayo, kwa kiasi fulani, bado ni yangu. Nyinyi mnaokalia meza zile sasa mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi. Vyeo sitavitaja, maana vilichelewa kuja. Mishahara hali kadhalika. Nitaandika zaidi juu ya kosa moja. Mema yangu sina hakika nayo, lakini kosa hili nina hakika nalo, kwa sababu nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe na nakala tatu za kaboni.

Nilianza kama karani mdogo wa halmashauri, kule Kwale juu mlimani, ambako asubuhi za mwezi wa saba ukungu ulikuwa ukiingia ofisini bila kubisha hodi. Tulikuwa na taipu moja iliyokuwa haipigi herufi ya R mpaka uigonge mara mbili, na mashine ya stensili iliyotupaka wino hadi kwenye viwiko. Aliyenipokea alikuwa Mzee Bakari, karani wa vikao, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa akivaa koti hata wakati wa joto. Siku ya kwanza aliniuliza, "Kalamu unayo?"

"Ninayo, mzee."

"Nipe."

Akaitia mfukoni mwake. Wiki nzima nilikaa katika mikutano mikono mitupu. Nilipouliza sababu, alisema, "Mtu akiona kalamu hubadilisha maneno. Kwanza jifunze anavyosema kabla hajaiona." Wiki ya pili alinirudishia kalamu yangu, imekwisha wino.

Mzee Bakari alistaafu, akafariki, Mungu amrehemu, nami nikakikalia kiti chake. Nilidhani nimelikalia na somo lake.

Ulikuwa mwaka ule uliofuata mvua kubwa za Elinino. Barabara zilikuwa zimeliwa na maji, na hoteli za Diani zilikuwa tupu tangu zile ghasia za uchaguzi za kabla yake. Wapishi walikuwa wamerudi shamba kulima mihogo. Kile kiwanja kidogo cha ndege kilikuwapo miaka mingi na hakikuwa kikimsumbua mtu sana. Ndege ilikuwa ikija mara moja moja, na siku zilizobaki mbuzi walikuwa wakilala kwenye lami kwa sababu ina joto. Basi ikaja barua kutoka kampuni moja ya ndege. Walitaka kuleta ndege za kila siku kutoka Nairobi, mbili asubuhi na mbili alasiri, watu wapande na kushuka kama wanavyopanda basi. Waliiomba halmashauri iwaunge mkono, na iwapitishie ramani ya banda la abiria kwenye ploti iliyokuwa yetu.

Wenye hoteli walifurahi, na kwa haki yao. Lakini ikaja barua nyingine, haina jina, imeandikwa kwa penseli, ikisema kwamba kelele za ndege zitatuvunja masikio. Mwenyekiti wa kamati ya mipango akasema, "Barua isiyo na jina haina mtu. Tuwaulize watu wenyewe." Nililiona ni neno la busara, na hata leo naliona hivyo.

Fomu iliandaliwa na afisa wetu wa mipango, Bwana Mutua, kijana aliyetoka Machakos, mwaminifu, mwenye haraka ya watu wa bara. Iliuliza swali moja tu: Je, unasumbuliwa na kelele za ndege? Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, kisha mstari wa maelezo.

"Swali moja, Mzee Suleimani," aliniambia. "Hakuna kona kona. Na nakutuma wewe kwa sababu wewe ni wa huku. Mimi wakiniona watadhani nimekuja kupima shamba."

Nilipewa siku tatu na pikipiki ya ofisi. Nyumba zilikuwa nyingi, zimetawanyika kati ya minazi na mikorosho upande wa pili wa kiwanja, na pikipiki ilikuwa ikizima kila niliposimama. Kwa hiyo nilikuwa sisimami sana. Nilibisha hodi, nikasalimu, nikauliza, nikatia alama, nikaondoka. Nyumba baada ya nyumba nilijibiwa vilevile. Alhamdulillahi. Tunashukuru. Hatuna neno. Nikatia alama: Hapana.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya Bi Mwanasha. Huyu ndiye mwalimu aliyenifundisha alifu nikiwa na miaka sita, kwa fimbo ya henzirani na kwa tende. Alikuwa na chuo cha Kurani cha watoto uani kwake, ukuta mmoja tu na kichaka kati yake na kiwanja. Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Chuo hakikupungua kwa hilo, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akifundisha kwa masikio. Watoto thelathini walikuwa wakisoma kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, kwa sauti zao zote, naye alikuwa akikaa katikati kama mtu aliyesinzia. Mmoja akikosea irabu moja kule kwenye kona, alisikia jina lake likiitwa.

Nilimkuta asubuhi, anapeta mchele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Suleimani?"

"Ndiye mimi."

"Sauti imekuwa nzito. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mwalimu, nimetumwa na kanso, halmashauri yetu. Hizi ndege zinakusumbua?"

"Alhamdulillahi. Sisi hatuna neno, mwanangu. Karibu ukae."

"Nitarudi, Mwalimu. Nina nyumba nyingi."

Nikatia alama: Hapana.

Mtu mmoja tu alinijibu vingine. Alikuwa Mama Wambui, mlowezi kutoka Murang'a, aliyekuwa akifuga kuku wa mayai karibu na mwisho wa njia ya ndege. Kabla sijamaliza kusema hodi alikuwa ameshatoka na ndoo mkononi.

"Zinanisumbua. Tia tiki hapo. Kuku wangu wakisikia hiyo kitu inashuka wanapandana kwa kona, wanakanyagana, wanakufa. Hayo mayai unaona? Maganda laini. Weka hiyo kwa fomu, na uandike jina langu vizuri, usilifinye."

Nililiandika bila kulifinya.

Kamati ilipokaa, mwenyekiti alisoma matokeo. Wote wamesema hawasumbuliwi, isipokuwa mtu mmoja. "Nani huyo?" akauliza diwani mmoja, mcheshi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Mama Wambui wa kuku."

"Ah, huyo hata jua likichomoza analishitaki."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinamia daftari langu, nikasikia lile neno likirudiwa, wote, wote wamesema. Hapo ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza. Niliziandika fomu zile zote, nikazihesabu, nikazifunga kwa kamba, na sikuwa nimelisikia. Watu wa upande ule niliwajua tangu utoto. Niliwajua wakilaumu mvua, wakilaumu ukame, wakilaumu imamu kwa kurefusha hotuba. Hawakuwa watu wa kukosa neno. Na bado, ndugu zangu, sikusimama. Niliandika: Kamati imeridhia. Mkono ulikuwa ukijua njia.

Tangazo la matokeo lilichapwa likabandikwa kila mahali. Kampuni ikaanza safari za majaribio.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kuswali msikiti wa upande ule. Nilijiambia ni kwa ajili ya upepo wa bahari. Alasiri nikapita chuoni kwa Bi Mwanasha, nikakaa nyuma kwenye jamvi, kama zamani. Watoto walikuwa wakisoma, ile kelele tamu inayokufanya usisikie chochote na usikie yote. Saa kumi na nusu ndege ikashuka.

Sikuwahi kuisikia nikiwa mahali pale. Niliihisi kwanza kifuani, kisha kwenye meno. Watoto hawakunyamaza, walizidisha sauti, kwa maana wamefundishwa kutokatiza aya. Niliona midomo thelathini ikienda bila sauti. Kisha nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ameinua uso, amenyoosha shingo, anageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyezimiwa taa. Binti mmoja mbele yangu, niliyekuwa nikimsoma mdomo, alikosea. Alikosea kosa kubwa, akaruka mstari mzima, akaendelea. Mwalimu hakusema kitu.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ndege. Katika miaka yangu yote pale hakuna kosa lililowahi kuvuka ule ua.

Watoto walipotawanyika akaniita. Alijua nipo, alisikia nikikohoa.

"Suleimani, umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Mimi sikusikia. Aya ikipita mbele yangu na kosa, mtoto hana dhambi, nitaulizwa mimi. Nimewaambia wazazi wawatafutie chuo kingine. Mwisho wa mwezi nafunga."

"Mwalimu, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Tangazo lilisomwa msikitini, kwamba watu wote hawana neno. Nikajiambia, basi ni mimi peke yangu. Masikio yangu nayo yamezeeka. Mtu mmoja hawezi kuwazuilia wengi riziki."

"Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza lini?"

"Siku ile ulipokuwa ukipeta mchele."

Akaitafuta ile siku. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Siku ile ulikuja kunisalimu, mwanangu."

Nilirudi Kwale nikisukuma pikipiki kwenye mlima, na sikumbuki kama ilikuwa imezima ama nilisahau kuiwasha.

Nyinyi mliozaliwa huku mnalijua hili, na nyinyi mliotoka mbali nawaomba mlijue. Kwetu mtu akiulizwa hali mlangoni humshukuru Mungu, kwani kumpokea mgeni kwa mashitaka ni kukosa adabu kwa mgeni na kwa Mola. Mgeni akikaa, huulizwa na huuliza mara ya pili, na hujibiwa kwamba twaenda hivyo hivyo. Kahawa ikishanywewa, akiuliza mara ya tatu, ndipo jambo hutoka, tena hutoka kama si jambo. Mimi niliuliza swali la halmashauri mahali pa salamu, nimesimama, mguu mmoja kwenye pikipiki. Watu wote walijibu salamu. Na kila mmoja aliposikia tangazo aliamini kwamba jirani zake ndio wasiosumbuliwa, akaona haya kuwa peke yake.

Jumatatu nilimweleza Bwana Mutua. Alivua miwani.

"Unaniambia watu wote hao walinidanganya?"

"Hawakudanganya. Fomu ndiyo iliyodanganywa, na mimi ndiye niliyeidanganya."

"Mzee, hii kitu imeshapita kamati. Imechapwa. Iko ukutani."

"Ukutani hutolewa."

Akavaa tena miwani. Ningekuwa yeye ningenifukuza. Akasema, "Twende wote. Lakini safari hii nataka kuona hiyo mara ya tatu kwa macho yangu."

Tulikwenda. Haikuwa siku tatu, ilikuwa karibu wiki mbili. Tulikaa kila nyumba, kwenye vigoda, kwenye vitanda vya kamba, na kalamu niliiacha ndani ya mfuko wa pikipiki. Bwana Mutua alikunywa kahawa chungu ya kutosha ukoo wake wote. Nyumba ya kwanza, ya Mzee Mwakulola aliyekuwa akisuka makuti, swali la kwanza lilipojibiwa Alhamdulillahi, Mutua alinigeukia kwa mshangao kana kwamba amemwona jini. La pili, twaenda hivyo hivyo. Kahawa ikaja na kashata. La tatu, yule mzee akaendelea kusuka, akasema, "Mke wangu ana presha. Ndege ikipita anashika kitanda. Lakini ni kawaida tu."

"Ni kawaida tu," Mutua akarudia taratibu, kama anayejifunza lugha.

Tukiwa njiani akaniambia, "Huyu ni Ndiyo."

"Huyu ni Ndiyo."

Karibu wote walikuwa Ndiyo. Wengi hawakutaka ndege zikatazwe, maana walikuwa na watoto waliokuwa wakingojea kazi hotelini. Walitaka zisishuke saa fulani. Na saa waliyoitaja, bila kuambizana, ilikuwa ileile, kuanzia alasiri hadi magharibi, wakati wa chuo. Mama Wambui alipotuona alitua ndoo. "Mmesahau nilichosema? Mimi sikuhitaji kahawa."

Kikao cha pili kilikuwa kigumu. Nilisimama nikaeleza kwamba matokeo ya kwanza hayakuwa ya kweli na kwamba kosa ni langu. Karani hasimami katika kamati. Karani huandika. Mwenyekiti alinitazama kana kwamba kabati limeongea.

Diwani wa duka akasema, "Karani, mwezi jana ulituambia Hapana. Leo Ndiyo. Kesho utatuambia nini, Labda?"

"Mwezi jana niliwasalimu, mheshimiwa. Mwezi huu nimewauliza."

"Na hicho chuo chenyewe? Watoto thelathini wanapiga kelele kushinda ndege."

"Nenda ukakae pale, mheshimiwa. Kelele ya watoto Mwalimu anaisoma. Ile nyingine inamfuta."

Hakucheka. Baadaye niliambiwa kwamba naye alisomeshwa na Bi Mwanasha, wiki mbili, akafukuzwa kwa utundu.

Kisha mwanasheria wetu akatushtua upya. Alisema halmashauri haina amri juu ya ndege hata moja. Anga si letu. Kiwanja si chetu. Tungeweza kupitisha maazimio mpaka karatasi ziishe na rubani asijue. Wiki mbili za kahawa, na wazee waliotoa siri zao, na mlango haukuwa wetu kuufunga. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe na chuo kifungwe.

Aliyetuokoa ni Bwana Mutua. Alikuwa akipekuapekua jalada, akasema kwa sauti ndogo, "Anga si letu, sawa. Banda la abiria ni letu. Ramani yao bado iko mezani kwangu."

Mwenyekiti akatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka ule. Ikaazimiwa kwamba ramani ya banda itapitishwa siku kampuni itakapoandika kwamba ndege za alasiri zitakuja na kuondoka kabla ya saa kumi. Kampuni ilinung'unika wiki moja. Abiria hawapendi kusimama juani, na mvua za vuli zilikuwa zikikaribia. Barua ikaja, imetiwa sahihi. Niliipeleka mwenyewe kwa Bi Mwanasha. Nilikaa kwanza, safari hii. Nikanywa kahawa. Nikamsomea. Akasema, "Alhamdulillahi," na nikangoja. Akacheka. "Hii ni Alhamdulillahi kweli, Suleimani. Kunywa kahawa yako." Siku ileile aliwatumia wazazi salamu kwamba chuo hakifungwi.

Ndege zikaanza. Wiki ya kwanza zilishika ahadi. Wiki ya pili nilikwenda kuangalia, nikakaa nyuma kwenye jamvi na saa yangu mkononi. Saa kumi ikapita salama. Watoto walikuwa wamechangamka, nusu yao wakisoma sura moja na nusu nyingine wakibishana nani amekalia nafasi ya nani. Saa kumi na dakika ishirini nikausikia ule mtetemo kifuani. Ilikuwa imechelewa Nairobi, nilikuja kujua, na badala ya kungoja kesho ikaja hivyo hivyo.

Ilipopita Bi Mwanasha aligonga ubao wake mara moja. Watoto wote wakanyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akasema, "Suleimani yupo?"

"Nipo, Mwalimu."

"Ile fomu unayo?"

Nilikuwa nayo moja, kuukuu, kwenye mkoba. Nilianza kumwambia kwamba nitaongea nao, kwamba pengine ni mara moja tu, kwamba tuwe na subira.

"Subira ninayo. Sikukuuliza subira. Toa kalamu uandike."

Nikaandika, juu ya goti. Akaniamuru nisome.

Nikasoma: "Mwalimu wa chuo anaomba, ikiwezekana, wahusika wafikirie..."

"Hapo umekosea," akasema. "Rudia."

Watoto walinitazama kwa huruma. Walilijua lile jamvi nililokuwa nimekalia.

"Mwalimu ameona kwamba..."

"Rudia."

Nilifuta. Nikaandika polepole, neno moja moja, jinsi alivyonitamkia, kisha nikasoma kwa sauti mbele ya watoto thelathini: "Ndege imepita saa za chuo. Watoto wangu hawakusikika. Mmevunja ahadi, nami sikubali. Mwanasha binti Omari, mwalimu."

Aligeuza sikio, akangoja kama anayelisikiliza neno la mwisho likitua.

"Sawa," akasema. "Hiyo ipeleke."